Shajara ya mradi: kufufua draivu ya CD ya nyumbani na kuitoa sauti ya baba

Jumamosi, 1 Juni 2024. Hali ilivyo

Wiki iliyopita mama aliteremka kutoka Marangu na kapu la ndizi. Chini ya ndizi kulikuwa na bahasha ya kaki yenye diski 14. Akaniambia, "Mwanangu, humo ndani kuna sauti ya baba yako. Nitolee uniwekee kwenye simu, nimsikie."

Baba alifariki mwaka 2009. Diski anayoitaka mama imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito "Kikao cha ukoo, Des. 2007". Binamu yetu alirekodi kikao kile Desemba watu walipopanda kwenda nyumbani, akachoma rekodi na picha kwenye CD moja. Nakala nyingine haipo. Nimewapigia ndugu wote, hakuna mwenye nayo.

Kompyuta tuliyonayo ni ya mezani, mtumba wa ofisini, ipo sebuleni kwetu hapa Majengo, Moshi, tangu 2015. Draivu yake ya CD na DVD sikumbuki ilitumika lini mara ya mwisho. Leo nimebonyeza kitufe cha kufungulia, taa ikawaka, kikasikika kitu kinajikaza ndani, kisha kimya. Trei haikutoka.

Mjini draivu ya nje ya USB nimeambiwa ni shilingi 55,000. Kwa sasa siwezi. Nimejiwekea kikomo cha 30,000, na ikithibitika kwamba leza inayosoma diski imekufa nitaacha kuhangaika na ya zamani nijichange ninunue hiyo. Naandika kila hatua kwa sababu najua nyumba nyingi zina bahasha kama hii kabatini, na anayefuata asirudie makosa yangu.

Jumapili, 2 Juni. Trei

Kila draivu ya aina hii ina kitundu kidogo usoni, chini ya trei. Nimezima kompyuta, nimechomoa waya ukutani, nikanyoosha klipu ya karatasi na kuisukuma polepole kwenye kitundu mpaka trei ikasogea kama nusu sentimita. Hapo unaivuta kwa vidole. Kompyuta isiwe imewashwa unapofanya hivi.

Nilipowasha tena nikagundua jambo ambalo lingeniokolea siku tatu kama ningelielewa hapo hapo: trei ikiwa na diski ndani inafunguka, kwa shida lakini inafunguka. Ikiwa tupu, inakwama kabisa. Nilidhani ni bahati. Baadaye, nilipofungua, nikaelewa. Juu ya trei kuna kibanio chenye sumaku kinachoikamata diski katikati ili izunguke bila kuyumba. Diski ikiwepo, unene wake wa milimita 1.2 unaitenga sumaku na kitovu cha mota. Isipokuwepo, sumaku inakaribia zaidi na kung'ang'ania. Mota ndogo ya trei ndiyo inayopaswa kushinda mvuto huo, na nguvu yake inapitia kwenye mkanda mmoja mwembamba wa mpira. Mkanda ukilegea, mota inazunguka lakini mkanda unateleza.

Nimefungua draivu: skrubu nne chini, kisha trei itoke kidogo kwa klipu, uso wa plastiki wa trei uchomolewe, uso wa draivu ubanduliwe kwenye vishikizo vyake vitatu, bati la juu litoke. Mkanda uko mbele, chini ya trei. Ulikuwa unang'aa kama umepakwa mafuta, na nilipouweka mezani haukukaa duara, ulikaa umbo la yai, kama ulivyozoea kushikwa na magurudumu mawili miaka yote hii.

Fundi mmoja wa redio, ambaye alinijibu kwa simu bila kudai hata senti, alisema, "Dada, uchemshe." Nimeuchemsha kwenye sufuria dakika tano, nikaukausha kwa kitambaa, nikaurudisha. Trei imefunguka na kufunga mara ishirini bila kusita.

Jumatano, 5 Juni. Kuchemsha hakudumu

Trei imekwama tena, siku tatu tu. Mpira uliochoka unajikunja kwa joto, lakini uhai wake haurudi. Njia hii inafaa ukiwa na diski moja ya kunakili usiku huo huo. Kwa diski 14, hapana.

Jumamosi, 8 Juni. Nimenunua kitu kisichonifaa, kimenifaa

Nimeshuka Mbuyuni kwa wauza vifaa chakavu. Nikapata draivu ya DVD ya kompyuta ya mezani, muuzaji akataka 20,000, tukamalizana 12,000. Sikuigeuza nyuma kuangalia. Nimefika nyumbani, nimefungua kompyuta, ndipo naona kwamba draivu niliyonunua ni ya mtindo wa zamani wa IDE, ile ya waya mpana bapa wenye matundu 40, na kompyuta yangu ina soketi ndogo za SATA tu. Haiwezi kuunganishwa.

Hili ni kosa la elfu kumi na mbili na linaepukika kwa sekunde tano. Kabla hujatoa hela, geuza draivu uitazame nyuma. Ukiona safu mbili ndefu za pini kama kitana, na soketi ya umeme yenye pini nne nene, hiyo ni IDE. Ukiona soketi mbili nyembamba bapa zisizo na pini zilizosimama, moja fupi na moja ndefu kidogo, hiyo ni SATA. Piga picha ya nyuma ya draivu yako uende nayo sokoni.

Nilikaa na kile kifaa mapajani, nimekasirika. Halafu nikakifungua. Soketi za nyuma zimebadilika kati ya vizazi hivyo viwili, lakini kazi ya trei haikubadilika: mota, mkanda, gurudumu la meno. Mkanda wake ulikuwa mkavu, mweusi usiong'aa, na nilipoubana kwa vidole ulirudi duara hapo hapo. Nikaulinganisha na wangu juu ya karatasi. Wa Mbuyuni ni mdogo kwa kama milimita moja na nusu, jambo ambalo ndilo nililolitaka, kwa kuwa wangu ulikuwa umetanuka.

Nikasafisha magurudumu kwanza kwa kitambaa kikavu, maana mkanda wa zamani ulikuwa umeacha utando mweusi juu yake, na mkanda mpya ungeteleza juu ya utando huo huo. Nikauvisha. Trei inatoka kwa sauti moja, inaingia kwa sauti moja. Mpaka leo ninapohariri maandishi haya haijakwama.

Jumapili, 9 Juni. Inasoma nyingine, nyingine haioni

Sasa trei ni nzima lakini usomaji ni wa kuchagua. Nimejaribu diski sita na kuandika matokeo ya kila moja, na nashauri ufanye hivyo badala ya kukisia. CD ya kiwandani ya nyimbo: inasoma. DVD ya kiwandani: inasoma, kwa kuchelewa. CD tatu za kuchoma nyumbani: haioni chochote, inazungusha, inasita, inazungusha tena, kisha inaniambia niweke diski. DVD ya kuchoma: hivyo hivyo.

Mgawanyiko huo una maana. Diski ya kiwandani imepigwa chapa ya vishimo juu ya tabaka la alumini linalorudisha mwanga vizuri. Diski ya kuchoma haina vishimo hivyo, ina tabaka la rangi iliyounguzwa kwa leza, na mwanga unaorudi kutoka kwake ni hafifu zaidi. Draivu inayoona ya kiwandani na kushindwa ya kuchoma mara nyingi ina lenzi chafu au leza iliyoanza kuchoka. Uchafu ni bure kuuondoa, kwa hiyo unaanza nao.

Lenzi iko kwenye kigari kinachotembea kutoka katikati ya diski kwenda ukingoni. Ni kijicho cha samawati kidogo kuliko punje ya mahindi. Juu ya yangu kulikuwa na vumbi laini kama unga uliopepetwa, na uzi mmoja wa utando wa buibui kutoka lenzi mpaka ukingo wa kigari.

Onyo kabla ya lolote: usiwashe draivu ikiwa imefunguliwa ili uone kama leza inawaka. Leza ya CD ni ya nanomita 780 na jicho haliioni ipasavyo, ya DVD ni nanomita 650, nyekundu. Ndani ya kasha lake draivu ni salama, ikiwa wazi si salama, na draivu za kuchomea zina leza yenye nguvu zaidi kuliko za kusoma tu.

Hapa nimekosea. Sikuwa na spiriti, nikachukua sanitaiza ya mikono iliyobaki tangu siku za korona. Nilisema moyoni kwamba ni alkoholi ile ile. Nikachovya kijiti cha pamba, nikafuta lenzi kwa mzunguko, ikang'aa vizuri kabisa. Nimerudisha kila kitu, na sasa draivu haisomi diski yoyote, hata ile ya kiwandani.

Jumanne, 11 Juni. Kuondoa nilichopaka

Sanitaiza ya jeli ina vitu vya kulainisha ngozi ndani yake. Alkoholi inakauka, ulaini unabaki. Nilipoitazama lenzi kwa pembeni kwa tochi ya simu niliona ukungu wa mistari ya duara, alama za kijiti changu.

Mafundi simu wa mjini wanasafishia bodi kwa isopropili, aina ya alkoholi. Mmoja alinipimia kichupa kwa 4,000, na vijiti vya pamba pakiti 1,000. Akanionya, "Dada, usikandamize. Ile lenzi inaning'inia kwenye nyaya kama nywele." Ni kweli. Ukiigusa unaiona inazama na kurudi. Nimelowesha kijiti, nikakikamua pembeni ya kichupa kisidondoke, nikafuta kwa uzito wa kijiti chenyewe tu, mara nne, kila mara kijiti kipya. Cha mwisho kikavu. Nimeacha nusu saa.

Diski zote sita zinaonekana. Zile nne za kuchoma pia.

Kwenye kigari kuna skrubu ndogo sana ya kurekebisha nguvu ya leza, na watu wengi watakushauri uizungushe draivu ikisumbua. Mimi sikuigusa na sishauri. Ukiongeza nguvu, draivu itachangamka kwa muda mfupi na leza itakufa mapema, na huna njia ya kuirudisha pale pale ilipokuwa.

Jumamosi, 15 Juni. Draivu inatoweka

Hili limenichosha kuliko yote. Unaweka diski, orodha ya mafaili inatokea, unaanza kunakili. Baada ya dakika moja au mbili mlio wa mzunguko unapanda, halafu unakatika, na draivu inatoweka kabisa kwenye kompyuta, kama vile imechomolewa. Ukizima na kuwasha inarudi.

Nimeshuku Windows. Nimeifuta draivu kwenye orodha ya vifaa ili itambuliwe upya, haikusaidia. Nikawasha kompyuta kwa Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kutoka kwenye flashi, bila kugusa Windows. Ikatoweka vile vile. Hapo programu imeshasafishika kwenye kesi hii. Nikabadilisha waya wa data kwa ule wa diski kuu. Ikatoweka tena.

Kilichonipa mwanga ni mwendo. Kwenye Ubuntu unaweza kuiamuru draivu iende polepole:

eject -x 4 /dev/sr0

Kwa mwendo wa 4x, yaani kama kilobaiti 600 kwa sekunde kwa CD, ilinakili diski nzima bila kutoweka. Kwa mwendo wake wa kawaida inatoweka. Mota ya kuzungusha diski inakula umeme wa volti 12, na inapoongeza kasi ndipo inakula zaidi. Kwa hiyo swali likawa umeme.

Jumapili, 16 Juni. Mita

Jirani yetu ni fundi umeme wa majumbani, ameniazima mita yake. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia pawasaplai ya mtumba, lile kasha linalogawa umeme ndani ya kompyuta, 25,000, na ningeinunua bila sababu.

Nimepima kwanza kwenye soketi ya pini nne isiyotumika, inayotoka moja kwa moja kwenye pawasaplai: waya wa njano na mweusi, volti 12.0, na draivu ikizunguka kwa kasi 11.9. Nzuri. Kiwango kinachokubalika kwa waya huo ni kuanzia 11.4 hadi 12.6. Kisha nimepima kwenye soketi inayoingia kwenye draivu yenyewe. Ikitulia, 11.7. Ikianza kukimbia, 10.8, na papo hapo draivu ikatoweka.

Basi umeme unapotea njiani. Na njiani kuna adapta, ile ya kugeuza soketi ya pini nne kuwa ya SATA, ambayo tuliwekewa na fundi tulipoongeza diski ya pili. Nimeichomoa na kuitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Kwenye tundu la waya wa njano plastiki nyeupe imegeuka rangi ya ukoko wa wali, na pini yake ya ndani imetanuka, haibani. Inagusa tu. Pini isiyobana inapata moto, moto unailegeza zaidi. Adapta kama hizi za plastiki iliyomiminwa zinaweza hata kuwaka, kwa hiyo ukiona rangi imebadilika usiendelee kuitumia hata siku moja.

Niliyoichomoa nimeitupa. Mpya, ambayo nyaya zake zimebanwa moja moja na unaziona, 5,000. Kipimo cha sasa draivu ikikimbia: 11.8. Haijatoweka tena.

Jumapili, 23 Juni. Kunakili

Diski 13 zimenakiliwa, ikiwemo send-off ya dada yetu na kipaimara cha wadogo zangu. Hazikuwa na shida, sina la kueleza, isipokuwa nimeziweka sehemu mbili: kwenye kompyuta na kwenye flashi ya GB 64.

Ya 14 ndiyo ya baba. Inaonekana, majina ya mafaili yanatokea, lakini kunakili kunagoma.

Jumamosi, 29 Juni. Diski ya baba

Niliinua juu kuelekea dirishani. Upande wa kusomea una mikwaruzo ya kawaida. Tatizo liko upande wa juu. Mtu aliwahi kubandika stika, ikabanduka, ikaondoka na vipande vya tabaka linalong'aa, na pale mwanga wa dirisha unapita kama kwenye bati lililotobolewa na misumari. Watu hulinda upande wa chini wa CD wakidhani ndipo mambo yalipo. Kwenye CD tabaka la data liko juu kabisa, chini ya jina, limefunikwa na rangi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa. Tabaka likishabanduka juu, hakuna dawa ya meno itakayolirudisha.

Bahati ni mahali. CD husomwa kutoka katikati kwenda nje. Diski hii imejazwa MB 412 kati ya 700, na madoa yapo karibu na ukingo, yanagusa mwisho tu wa data.

Nimetumia ddrescue, programu ya kunakili diski zilizoharibika. Kunakili kwa kawaida kunakwama kwenye kosa la kwanza na kukaa hapo. Hii inaruka penye kosa, inachukua kwanza vyote vinavyosomeka, kisha inarudi kwenye mapengo, na inaandika ramani ya ilipofika. Mwendo nimeuweka 4x.

ddrescue -d -b 2048 -n /dev/sr0 kikao.iso kikao.map

Duru ya kwanza imebakiza MB 6.1. Ya pili ni kurudia mapengo mara tatu tatu:

ddrescue -d -b 2048 -r 3 /dev/sr0 kikao.iso kikao.map

Imechukua saa tano na kubakiza MB 2.3. Hapo nikafanya jambo ambalo ndilo ningependa mtu alichukue hata akiacha mengine yote humu. Nilichukua diski na flashi yenye faili na ramani, nikaenda kwa mdogo wangu Pasua kwenye laptopu yake ya zamani yenye draivu, nikaendeleza kwa amri ile ile. Kila draivu ina jicho lake. Panaposhindikana kwenye moja, nyingine inapita, na ramani inahakikisha haurudii kilichokwishapatikana. Saa mbili baadaye zimebaki MB 0.9.

Nimefungua faili. Picha mbili zimepotea, nusu yake ni kijivu. Rekodi ya kikao inacheza tangu mwanzo hadi mwisho, dakika 48, na pengo moja la sekunde tisa hivi kwenye dakika ya 41.

Jumapili, 30 Juni. Marangu

Gharama: draivu ya Mbuyuni 12,000, isopropili 4,000, vijiti 1,000, adapta 5,000, bodaboda 4,000. Jumla 26,000. Flashi, 20,000, sikuihesabu kwenye ukarabati.

Nimempelekea mama. Tulikaa jikoni, baridi ya Juni, ukungu umeshuka mpaka migombani. Alishika simu kwa mikono miwili sikioni japo sauti ilikuwa imefunguliwa yote. Baba anaongea taratibu, anataja mipaka ya kihamba, shamba letu la ukoo, nani alipewa upande gani, babu amelala wapi. Kwenye dakika ya 41 sauti ikakatika. Nikaanza kumwomba radhi, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Hapo anamuuliza shemeji kama masale ya upande wa mfereji bado yapo," akasema, yaani ile mimea ya mpakani. "Na shemeji anamjibu yapo, ila mawili yamekauka."

Sauti ikarudi, na baba akasema, "Basi hayo mawili tuyapande upya."

Nimeandika maneno ya mama kwenye faili dogo, pamoja na dakika na sekunde, nikaliweka kando ya rekodi kwenye flashi. Kesho nazituma nakala kwa ndugu wa Arusha na Dar.